Paa Lisilobeba Mgeni

Mama yangu mkubwa alianguka akiwa ameshika chaki ya kukatia nguo. Ilikuwa mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, na alikuwa anachora mgongo wa shati la shule mezani kwake. Wanawake waliokuwa kwenye cherehani walisema hakupiga kelele wala hakujishikiza popote. Aliinama polepole kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, kisha akalala juu ya kitambaa. Alipozinduka hospitalini chaki ilikuwa bado mkononi, na jambo la kwanza alilouliza ni kama kile kitambaa kimeingia doa.

Ni dada wa mama yangu. Nilikaa kwake Ipuli, Tabora mjini, tangu nilipoanza sekondari, na nilipochagua kusomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, msichana peke yangu darasani, yeye ndiye ambaye hakucheka. Alinishonea ovaroli, kwa sababu za dukani zilikuwa za wanaume na zilinipwaya kama gunia. Akaweka mfuko mrefu wa pembeni, wa bisibisi. "Fundi asiye na mfuko ni mtazamaji," aliniambia huku ana pini midomoni. Ovaroli ile ninayo mpaka leo, ingawa mimi mwenyewe sasa ndiye nisiyeingia ndani yake.

Kazi yangu hadi sasa ni hiyo hiyo, na jioni hufundisha. Kwa hiyo nikianza kueleza mambo ya mashine nivumilie. Si mambo magumu. Nimewaeleza akina mama wenye mabucha na masheikh wenye misikiti, wakaelewa, na wewe utaelewa.

Jengo la mama mkubwa liko karibu na soko. Mumewe ndiye aliyelianza, naye akafariki kabla ghorofa ya juu haijafunikwa, mama mkubwa akalimalizia. Chini kuna duka la dawa, duka la simu na duka la mchele wa Igunga. Juu ni ukumbi mmoja mrefu wenye cherehani kumi na nne, meza ya kukatia, na pasi tatu ambazo hazizimwi. Hapo hushonwa sare za shule. Sasa angalia kalenda yake: shule hufunguliwa mwezi wa kwanza, kwa hiyo sare hushonwa mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Na Tabora jua kali kuliko yote ni la mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika. Yaani kazi kubwa na joto kubwa huingia mlangoni pamoja, kama mtu na mkewe.

Daktari alisema presha yake haiwezi tena joto lile. Watoto wake, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar es Salaam, walipiga simu siku hiyo hiyo. Mama apumzike. Ukumbi ukodishwe, uwe stoo, hata ya tumbaku ya Goweko, potelea mbali.

Mama mkubwa aliwasikiliza kwa simu ya sauti kubwa akiwa amelala kitandani, na mimi nimekaa miguuni pake.

"Nikae nyumbani nifanye nini?" aliuliza.

"Upumzike, mama."

"Nikishapumzika?"

Kisha binti yake akasema, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba kama ukumbi utapata ubaridi kabla ya mwezi wa kumi unaofuata, basi atarudi mezani kwake. Kama hautapata, atafunga. Mama mkubwa akasema, "Imepita hiyo." Kisha akanigeukia mimi. "Umesikia? Una mwaka mmoja wa kunirudisha kwenye meza yangu."

Ndivyo nilivyopewa kazi niliyoipenda na kuiogopa kuliko nyingine zote.

Nilianza, kama ninavyowafundisha wengine waanze, kwa kukaa. Usinunue mashine kabla hujakaa kwenye chumba chenyewe siku nzima. Nilikaa ukumbini pale kuanzia saa mbili asubuhi na daftari langu. Niliandika watu wangapi, cherehani ngapi, taa ngapi, madirisha mangapi na yanatazama wapi. Kila binadamu hutoa joto lake, na kila mota lake. Pasi tatu zile peke yake zilikuwa kama jiko. Madirisha manne yalitazama magharibi, na kuanzia saa nane jua liliingia mpaka miguuni mwa washonaji. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa paa. Lilikuwa la zege, tambarare, na zege huchelewa kupokea joto na huchelewa kulitoa. Asubuhi lilikuwa poa. Saa tisa lilikuwa linatuchemsha kwa jua lililokuwa limeingia saa sita.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua mashine. Watu wengi wanavijua viyoyozi vya ukutani, sanduku moja ndani na jingine nje. Kwa nyumba ni vizuri sana. Lakini kwenye ukumbi wa kushonea, vumbi la nyuzi hupaa hewani kutwa nzima, na kila sanduku la ndani lingevuta vumbi hilo na kuziba. Ningekuwa kila wiki ninapanda juu ya vichwa vya washonaji na ngazi yangu. Na kuta zenyewe zilikuwa zimejaa rafu za vitambaa, huku nyuma ya jengo uchochoro ukiwa mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Kipo kiyoyozi cha aina nyingine, ambacho huko mjini kwetu wakati ule hakikuwa kinaonekana sana. Ni sanduku moja kubwa la bati ambalo ndani yake kuna kila kitu, kompresa, koili, feni na machujio. Huwekwa juu ya paa. Hewa baridi hushuka ndani kwa njia pana za bati, na hewa ya moto hurudishwa juu kwa njia yake. Fundi hupanda paani, hufungua mlango, husafisha, hushuka. Chini hakuna hata anayejua kwamba alikuja. Niliona kwamba kilikuwa kimeumbwa kwa ajili ya ukumbi ule. Paa tambarare si lile pale?

Muuzaji wa Dar es Salaam alinishauri kwa simu nichukue kikubwa kuliko hesabu yangu, "ili usijute." Nilimkatalia, na ninakushauri na wewe ukatae. Kiyoyozi kikubwa mno ni kama mtu anayekunywa maji kwa pupa. Kinapoza haraka, kinajizima, kinawaka tena, na wakati wa masika kinakuachia chumba chenye ubaridi wa mtungini, unyevu mtupu. Kinachotosha ndicho bora. Niliuliza kama umeme wa jengo ni wa njia tatu, ule wa mashine kubwa, nikaambiwa ndiyo. Niliuliza machujio yanapatikana wapi, maji yatatoka wapi, wavu wa matundu madogo utafungwaje, maana Tabora sanduku lolote lenye nafasi nyuki huliona mzinga.

Niliuliza kila kitu. Nilikuwa najivunia maswali yangu.

Sasa nimlete mtu wa pili wa habari hii. Ni mzee aliyejenga jengo lile, fundi mwashi, Mzaramo. Alikuja Tabora kijana na hakurudi kwao tena. Ni mdogo kwa mama mkubwa kwa miaka michache. Na alikuwa mtani wake.

Huenda wewe unayesoma umekulia mahali ambapo utani ni mzaha tu wa kawaida. Kwetu ni zaidi ya hapo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, wakipita kwa babu zao. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kofia yako akaenda nayo. Msibani anakuzuia usilie kwa kukufanya ucheke. Na sheria moja kubwa ni kwamba hukasiriki. Lolote analolisema mtani linapita na upepo.

Yule mzee alikuja ukumbini karibu kila siku, na sikuwahi kumsikia akimsalimia mama mkubwa kama watu wanavyosalimiana. Baada ya mama mkubwa kuugua alihamishia ziara zake Ipuli, lakini jengoni nako hakuacha kupita. Siku niliyopanda paani kupima, mama mkubwa alikuwa ameletwa kwa bajaji asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, ili anione nikifanya kazi. Alikaa chini, kwenye kiti cha duka la dawa. Mzee akatokea.

"Mpagazi," alisema, "bado hujafa?"

"Nikusubiri wewe ukanichimbie kaburi upindishe? Mla nazi mkubwa we."

"Babu yako alipofika pwani akaonja bahari, akauliza nani kazidisha chumvi."

"Na babu yako alipomwona babu yangu anakuja na mzigo alikimbilia juu ya mnazi. Hebu kapige simu kwenu, uliza kama ameshashuka."

Muuza dawa alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nachungulia kutoka juu na futi mkononi. Mzee akainua uso akanitazama.

"Na huyu mtoto wako anapima nini huko?"

"Anapima pa kuweka mashine ya ubaridi," mama mkubwa akajibu kwa majivuno. "Kubwa. Sanduku zima."

"Katikati ya ukumbi?"

"Katikati hasa," nilijibu mimi kutoka juu. "Ili hewa igawanyike sawa."

"Basi pima na sanda," alisema mzee. "Litashuka kwa miguu yake hilo, likae kwenye cherehani ya kumi na tano. Mpagazi, utazikwa na majora yako, na mimi nitachukua mkasi wako wa kukatia niuuze."

Tulicheka, mimi mpaka nikapoteza hesabu ya futi na kuanza upya.

Alisema hivyo mara tatu, kwa kadiri ninavyokumbuka. Mara ya pili ilikuwa Ipuli, tukila matobolwa, akasema tunakula viazi vikavu kama kuku huku tunataka kuweka tembo juu ya banda la kuku. Mama mkubwa alimrushia ganda la karanga. Mara ya tatu alinisimamisha mimi njiani, peke yangu. "Wewe ndiye utakayemuua mke wangu," alisema. Mtani huwaita wajane wote wake zake. Nilimjibu kwamba akichelewa kuleta mahari nitamwozesha kwa mwingine. Alinitazama kwa kitambo, akacheka, akaondoka. Leo nikimkumbuka namna alivyocheka siku ile natamani ningemshika mkono.

Mashine ilishachaguliwa. Ilikuwa na uzito ambao niliupenda kuueleza kwa mfano: kama madume mawili ya ng'ombe waliosimama juu ya nyumba yako usiku na mchana, nao wanatetemeka kidogo. Nilikuwa nauchekelea mfano huo. Nilikuwa nimepanga kutuma oda siku ya Jumatatu.

Jumapili asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyumba ya Ipuli, mama mkubwa anachambua mchele. Mzee akaja. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Akasimama mbali kidogo na baraza, akavua kofia.

"Shikamoo, dada," alisema.

Mkono wa mama mkubwa ukasimama ndani ya ungo. Katika miaka yote ile mzee hakuwahi kumwamkia. Mama mkubwa hakuitikia marahaba. Uso wake ulibadilika rangi, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema mzee. "Bado."

Kisha akaomba ruhusa ya kukaa, kama mgeni, akakaa chini kwenye mkeka ingawa kiti kilikuwepo.

Alieleza bila mzaha hata mmoja, na kwa kuwa hakuzoea kuongea hivyo mbele yake alikuwa akisimama katikati ya maneno. Alisema kwamba wakati marehemu mume wa mama mkubwa yuko hai, yeye ndiye aliyempa hesabu ya nondo za paa la ukumbi. Marehemu akanunua kwa hesabu ile. Kisha marehemu akafariki. Mama mkubwa akaingia eda, lakini akatuma neno kutoka ndani kwamba kazi isisimame, mvua zisikute vyuma wazi. Siku ya kusuka nondo za katikati ya ukumbi mzee akagundua kwamba alikosea. Hazikutosha. Hesabu ilikuwa ya kwake mwenyewe, kosa lilikuwa lake mwenyewe.

"Ungetuma mtu," alisema mama mkubwa.

"Nitume nani, dada? Amwambie nini mfiwa aliye ndani ya eda? Kwamba mtani wako hajui kuhesabu, ongeza nondo?" Aliigeuza kofia mikononi. "Nikapanua nafasi. Palipotakiwa nondo tatu nikaweka mbili. Nikajiambia, hapa hapatakaa kitu. Mvua tu na jua."

"Miaka yote hii nimekaa chini yake."

"Paa linajibeba. Hilo nililihakikisha, wallahi, nimelala chini yake mimi mwenyewe masika mawili kabla hujaingiza cherehani. Linajibeba. Lakini halibebi mgeni."

Nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisikia likisimuliwa kama kichekesho: miaka ya nyuma mama mkubwa alipotaka kuweka simtanki ya maji juu ya paa, mzee alimwambia ataoga pamoja na wapangaji wake, mama mkubwa akacheka, akaiweka uani. Mzee alikuwa amesema wakati ule, na safari hii alikuwa ametuambia mara tatu. Aliuchagua utani kwa sababu ndiyo lugha pekee aliyokuwa nayo ya kumwambia mwanamke yule jambo zito. Na ndiyo lugha ambayo lolote ukilisema ndani yake halihesabiki.

Lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake, na ninalisema kila mwaka mbele ya wanafunzi wangu. Nilipima joto la kila pasi. Niliuliza habari za nyuki. Sikuuliza paa linabeba nini. Niliona tambarare, nikadhani imara. Fundi wa viyoyozi anayeweka mzigo juu ya nyumba bila kumwita mtu wa kupima nyumba hajachagua kiyoyozi, amechagua rangi ya sanduku tu.

Mama mkubwa alichagua chuya moja mcheleni, akaitupa. Kisha akasema, kwa adabu kamili, "Ahsante, fundi. Karibu chai."

Mzee aliinamisha kichwa. Mama mkubwa hakuwahi kumwita fundi. Angemtukana, nafikiri mzee angelia kwa furaha. Alikunywa chai yake haraka, akaaga.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama mkubwa alianza kunishauri mimi niache. "Usijisumbue, mwanangu," alisema. "Labda ndiyo nimeshaambiwa nikae nyumbani." Alifungua sanduku la vitambaa vyake chumbani, akaanza kugawa mikasi. Mmoja alimpa jirani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwazima mtu mkasi alikuwa anaugawa.

Nilimtafuta mhandisi wa majengo, mama mmoja mtaratibu, akaja na nyundo ndogo na kifaa cha kutazamia nondo ndani ya zege. Alibandua lipu sehemu mbili. Alipomaliza alisema mzee alikuwa amesema kweli tupu: katikati ni dhaifu, paachwe kama palivyo, juu yake asikae mtu wala kitu. Kisha akatembea mpaka upande wa ngazi, akagonga, akasikiliza, akagonga tena. "Lakini hapa," alisema, "hapa ni habari nyingine."

Kuta za ngazi zilikuwa zimejengwa marehemu akiwa hai, zikiwa na nondo zake zote. Zilikuwa zinashuka moja kwa moja mpaka kwenye msingi. Mashine inaweza kukaa pale, alieleza, juu ya fremu ya chuma itakayolala kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, bila kuligusa paa kabisa. Ila isiwe ile niliyochagua. Iwe nyepesi zaidi.

Nilirudi kwenye daftari langu. Nyepesi maana yake ndogo, na ndogo haiwezi ukumbi ule. Nilikaa nalo siku mbili. Mama mkubwa ndiye aliyenikwamua, wala hakujua kwamba ananikwamua. Alikuwa ananitazama nikifuta na kuandika, akasema, "Mbona unatafuta mbebaji tu? Mzigo wenyewe umeuangalia?"

Nikaucheka ujinga wangu. Watu wa ukoo wa wapagazi, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mzigo hupunguzwa asubuhi, kabla ya safari. Pasi tatu tukazihamishia chumba kimoja kidogo cha nyuma chenye dirisha, nje kabisa ya ukumbi. Paa tukalipaka rangi nyeupe ya kurudisha jua, mpakaji mmoja peke yake na brashi yenye mpini mrefu. Madirisha ya magharibi tukayawekea mapazia mazito, ambayo washonaji waliyashona wenyewe kwa vipande vya sare, kaki na bluu na kijani, ikawa kama shule zote za Tabora zimeungana kuzuia jua. Taa tukabadilisha. Nilipohesabu upya, ukumbi ulihitaji ubaridi wa karibu theluthi mbili ya ule wa kwanza. Mashine nyepesi ya ukubwa huo ilikuwepo. Hewa ingesafiri mbali zaidi kutoka upande wa ngazi, kwa hiyo njia za bati tukazifanya pana mwanzoni na nyembamba mwishoni, tukazining'iniza kwenye mihimili aliyoikubali mhandisi. Haikuwa nzuri kama mchoro wangu wa kwanza. Ilikuwa ya kweli kuliko huo.

Ikabaki kazi ya zege. Fremu ilihitaji vitako vinne juu ya kuta za ngazi. Nilikuwa na vijana wa kuifanya. Mzee alikuja mwenyewe, na mwiko wake.

"Nipeni mimi," alisema.

Nilimtazama mama mkubwa. Yeye akatazama pembeni, akasema, "Fundi akitaka, afanye."

Alisuka nondo siku mbili. Alipomaliza hakumwaga zege. Alisimama juu ya ngazi akaita washonaji, "Njooni mhesabu." Walidhani anatania. Walipanda wawili wawili, kama alivyoelekeza mhandisi, wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nikahesabu. Mhandisi akahesabu. Zege lilikuwa limeshachanganywa chini na vijana walikuwa wanamlalamikia.

"Bado mmoja," alisema mzee.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Mama mkubwa alipanda ngazi zile polepole, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila ngazi ya tatu. Hakuwa amezipanda tangu siku aliyoanguka. Hakuna aliyemshika, maana alikataa. Alipofika juu alitoa chaki kwenye pindo la kanga, akainama, akaanza kuweka alama nyeupe kwenye kila nondo. Mzee alisimama na mwiko wake, ameinamisha macho. Kitako cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne alirudia kuhesabu. Akanyooka, akafuta chaki vidoleni.

"Mwaga," alisema. Basi.

Mashine ilipandishwa mwezi wa nane kwa winchi ya kukodi, na soko lote lilisimama kutazama. Mwezi wa tisa nilisafisha, nikapima, nikafunga wavu wa nyuki. Mwezi wa kumi ukaingia, jua likaanza kuuma. Watoto wake wakapiga simu kuuliza, na mama mkubwa akawajibu kwamba ana kazi, wapige jioni.

Nakumbuka siku ile yenyewe kwa sababu nilikaa tena na daftari langu, kama siku ya kwanza. Saa tisa alasiri. Nje lami ilikuwa inanata. Ndani mapazia ya kaki na bluu yalikuwa yametulia, na cherehani kumi na nne zilikuwa zinakimbia. Huoni kiyoyozi kile, husikii zaidi ya pumzi ndefu kutoka upande wa ngazi. Mama mkubwa alikuwa mezani kwake anachora mgongo wa shati, na mshipa wa hasira uliokuwa ukimtoka kipajini kila mwezi wa kumi haukuwepo. Mabegani alikuwa amejitanda kitenge. Alilalamika kwamba nimemletea baridi ya Makambako.

Mzee akatokea mlangoni. Alikuwa na kanzu ileile. Tangu ile Jumapili alikuwa anakuja hivyo, anaamkia, anaitwa fundi, anaondoka. Alivua kofia.

"Shikamoo, dada."

Cherehani zikaanza kupunguza mwendo, moja baada ya nyingine. Mama mkubwa hakuinua kichwa. Alimaliza mstari wake mpaka mwisho, akapuliza unga wa chaki kwenye kitambaa.

"Nani kamruhusu mla nazi kuingia humu?" aliuliza. "Anayeyusha ubaridi wangu kwa kunuka madafu."

Ukumbi ulilipuka. Mshonaji mmoja alipiga kigelegele mpaka muuza dawa akapanda mbio kuuliza kuna nini. Mzee alisimama pale pale, kofia kifuani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mpagazi," alisema, sauti imekwaruza, "umejitanda kama maiti. Hilo sanduku likikuua kwa baridi, mkasi wangu uko wapi?"

"Huu hapa," alisema mama mkubwa akiuinua. "Njoo uuchukue kama wewe ni mwanamume. Na ufunge huo mlango, babu yako hakukufundisha?"

Mzee akaufunga mlango, kwa mikono miwili, taratibu. Kisha akavuta kigoda akaketi karibu na meza.